Misumari ya Safu ya Juu

Kiwandani pale walimwita Mpimaji, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mwenye kiwanda alizidisha, akamwita Daktari. Hakuwa daktari wa chochote. Alikuwa na stashahada ya maabara, na koti jeupe alilolipiga pasi mpaka likaweza kusimama peke yake. Lakini kilemba cha ukoka nacho ni kilemba. Alikiacha kikae kichwani.

Tuanze na dharau zake, maana zilikuwa nyingi na alikuwa amezipanga vizuri. Wa kwanza kudharauliwa alikuwa mwenye kiwanda mwenyewe, mtu aliyeuza magodoro nusu ya maisha yake, mpaka siku aliposafiri, akanywa bia iliyolazwa ndani ya pipa la mwaloni, akarudi amelewa wazo. Wafanyakazi walimwita Bosi Godoro, pale tu alipokuwa hasikii. Bosi Godoro alipenda kusimama mbele ya wageni akaeleza jinsi bia yake nyeusi inavyolala miezi kumi na minne ikiota ndoto na kufyonza roho ya mti. Mpimaji aliyasikiliza hayo akiwa ameuma ulimi. Bia haioti. Ndani ya pipa kuna hamira iliyochoka, kuna sukari, kuna hewa kidogo inayopenya kwenye mbao, na kuna vijidudu vinavyomngoja mjinga mmoja afanye kosa.

Wasafishaji nao aliwadharau. Siku moja aliwakuta wanasuuza mipira ya kupitishia bia kwa dawa ya kuulia vijidudu iliyobaki kwenye ndoo tangu jana yake. Hakuwafokea. Aliwatazama tu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehesabu mbuzi, kisha akaingia ofisini akatoka na bango lenye herufi nyekundu, akalibandika juu ya sinki ambapo hata kipofu angeligonga. Tangu siku hiyo wasafishaji walichanganya dawa mpya kila asubuhi, na walimwamkia bila kumtazama usoni.

Lakini wa kudharauliwa kuliko wote alikuwa fundi wa mapipa, na hapo ndipo mambo yalipokuwa na mwiba, kwa sababu fundi alikuwa baba mkwe wake.

Mzee huyo alikuwa ameshinda na mapipa miaka thelathini na mmoja. Alikaza pete zake za chuma, alibadilisha mbao zilizopasuka, aligonga ubavu wa pipa kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa, na Mpimaji alitamani kumuuliza pipa limesema nini. Mfukoni mwa ovaroli yake alibeba mrija wa shaba wa kuonjea bia. Akishaonja alifuta mdomo kwa upindo wa shati, na shati hilo, Mungu ndiye aliyejua lilifuliwa lini. Kwenye kona yake, karibu na randa na nyundo za mpira, palikuwa na jiko dogo la umeme na birika jeusi. Mpimaji alipofika kazini saa tatu, birika lilikuwa bado linatoa moshi. "Chai," aliwaambia wenzake wa ofisini akibenua mdomo. "Kuanzia alfajiri ni chai tu. Ndiyo sayansi yake."

Nyumbani ilikuwa hadithi nyingine. Siku za mapumziko mzee alikuja kula kwao, na Mpimaji alimwamkia shikamoo kwa sauti laini, akampakulia kabla ya mumewe, akamuuliza kama mgongo umepoa. Mzee aliitikia marahaba, akala, akashukuru. Mume, aliyekuwa mwalimu wa hesabu na mtu wa amani kupita kiasi, alitazama huku na huku akaamini kwamba ameoa vizuri.

Kabla Mpimaji hajaja, fundi alionja bia kwa njia ya zamani. Alichomoa kizibo kilicho tumboni mwa pipa, akatumbukiza mrija, akaziba tundu la juu kwa kidole gumba, akautoa umejaa. Mpimaji alipoona hivyo siku yake ya kwanza alishika kichwa. Kila kizibo kikifunguliwa hewa inaingia, na hewa ndiyo mlango wa siki. Akaagiza kila pipa litobolewe tundu dogo usoni, na kila tundu lipigwe msumari wa chuma kisichoshika kutu. Ukitaka kupima, unachomoa msumari kwa koleo, bia inaruka ndani ya glasi kama mkojo wa mtoto mchanga, unaziba, unaondoka. Ulikuwa utaratibu mzuri. Hata fundi alikubali kuwa ni mzuri, ila alikubali kwa kuguna, na mrija wake hakuuacha, na mguno ule Mpimaji hakuusahau.

Aliongeza na ubunifu wake mwenyewe, ambao aliuonea fahari. Kila Jumatatu alipita na kikombe cha dawa chenye msumari mmoja wa akiba. Akichomoa msumari wa pipa la kwanza, aliziba papo hapo kwa ule wa akiba, na uliochomolewa akautumbukiza kwenye kikombe uoge. Akifika pipa la pili, ule ulioishaoga ndio ulioziba. Hivyo hivyo mpaka mwisho, bila tone kupotea. Dawa ya kikombe chake aliichanganya Ijumaa jioni kabla ya kwenda nyumbani, kwa sababu Jumatatu alipenda kukuta kila kitu tayari.

Mapipa yalikuwa ishirini na manne, yamepangwa kwa safu tatu, nane juu ya nane juu ya nane. Safu ya juu ilihitaji ngazi. Mpimaji na ngazi hawakupatana tangu utotoni. Akikanyaga kidato cha tatu tu, magoti yaligeuka uji. Kumwomba mtu mwingine ampandie kungekuwa kukiri udhaifu mbele ya watu wanaofuta midomo kwa mashati. Basi alipanda mara moja, siku misumari ilipopigwa, akiwa ameshikilia ngazi kwa mikono miwili na jasho likimtiririka. Baada ya hapo namba za asidi za safu ya juu alizijua bila kupanda. Bia ileile, mbao zilezile, chumba kilekile. Alichukua namba za wiki iliyopita, akapunguza kidogo hapa, akaongeza kidogo pale, jedwali likajaa, na Bosi Godoro akalitia kwenye fremu ukutani ili wageni waone.

Kisha pipa la tatu likaugua.

Hilo peke yake si msiba. Mbao ni mbao, na katika kila chumba cha mapipa hutokea moja likashika ugonjwa bila kosa la mtu. Bia ya pipa lile ilifanya utando mweupe juu, ikatoa harufu ya siki na ya rangi ya kucha. Fundi alilichora alama ya chaki akapendekeza litolewe. Mpimaji akasema lisubiri, anataka kulifuatilia kitaalamu. Wiki mbili baadaye likafuata la nne. Halafu la tano. Halafu la sita. Ilipofika miezi mitatu, mapipa kumi na manne ya safu mbili za chini yalikuwa yamechacha, bia iliyongojwa zaidi ya mwaka mzima ikawa haifai hata kuoshea sakafu.

Jumatatu moja Bosi Godoro aliwaita wote chumba cha mapipa. Uso wake ulikuwa umevimba kama mtu aliyelala juu ya bidhaa yake.

"Mtu ameniletea uchafu," alisema. "Sitaki kujua kwa nini. Nataka kujua nani. Daktari, chunguza. Ijumaa saa nne tukutane hapahapa, na huyo aliyeleta uchafu ataondoka siku hiyohiyo, awe nani awe nani."

Mpimaji hakuhitaji mpaka Ijumaa. Alikuwa na jibu tangu siku ya kwanza kuingia pale; lililokosekana ni ushahidi. Siku ya Jumanne mchana alimwona fundi anaonja pipa la tatu, anatikisa kichwa, anaurudisha mrija mfukoni. Akamfuata.

"Baba, naomba mrija wako kidogo."

Mzee alimpa bila kuuliza. Mpimaji akapitisha pamba ndani ya mrija, akaipaka pamba kwenye kisahani cha kuoteshea vijidudu, akakifunika, akarudisha mrija kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka. Alhamisi asubuhi kisahani kilikuwa kimeota madoa mazuri ya mviringo, yaleyale ya bia iliyochacha. Mpimaji aliyatazama kwenye hadubini akasikia furaha safi, furaha ambayo mtu hapaswi kuisikia juu ya baba wa mumewe.

Jioni hiyo mume alisikia taarifa nzima akiwa amesimama na sahani mkononi.

"Baba akiondoka pale," alisema, "hakuna kiwanda kingine cha mapipa mji huu. Unajua hilo."

"Najua."

"Atakaa kwenye kiti sebuleni hapa asubuhi mpaka jioni, anagonga meza asikilize. Una uhakika, mama?"

"Mimi sina uhakika. Kisahani ndicho chenye uhakika," alijibu, akaenda kuchapa ripoti.

Ijumaa saa nne walikuwa watatu tu. Bosi Godoro aliwafukuza wengine, akasema aibu ya familia isimwagwe hadharani, na kwa maneno hayo akahakikisha kila mfanyakazi anasikiliza nyuma ya mlango. Mpimaji alisoma ripoti yake kwa sauti kavu. Chanzo ni mrija wa shaba wa fundi, usiosafishwa, unaotoka pipa moja kuingia jingine. Kisahani kilikuwa mezani, atakaye atazame.

Fundi hakukitazama. Alikuwa amening'iniza miwani yake shingoni kwa kamba, mikono nyuma, anatazama mapipa yake.

"Mzee, una la kusema?" Bosi aliuliza.

"Ameshasema mwenye kusoma."

Bosi Godoro alishusha pumzi. Kisha akakumbuka kwamba ana wageni wiki ijayo, na uso ukapata uhai.

"Lakini safu ya juu ni nzima," alisema. "Jedwali linasema nzima. Mapipa manane si haba. Daktari, hebu panda utuchotee. Nataka nionje mwenyewe kabla sijaagiza chupa."

Katika mwaka mzima hakuna aliyewahi kumwomba hivyo. Mpimaji alisema pengine fundi apande, yeye amezoea. Bosi akasema fundi ndiye mtuhumiwa, hawezi kugusa kitu. Hoja ilikuwa sahihi, na ilimuudhi kwamba imetoka katika kichwa kile.

Fundi alileta ngazi bila kuambiwa, akaiegemeza, akaweka mguu wake chini kuizuia isiteleze. Mpimaji alipanda. Kidato cha tatu aliikumbatia ngazi kabla ya kuendelea. Kidato cha sita aliona uso wa pipa la kumi na saba mbele ya pua yake, na msumari wake.

Msumari ulikuwa umevaa vumbi. Buibui alikuwa amefunga uzi kutoka kwenye kichwa chake mpaka kwenye pete ya pipa, akaishi hapo, akafa hapo, mzoga wake mkavu ukining'inia. Alitupa macho kulia. Misumari yote minane ilikuwa hivyo, imekaa palepale ilipopigwa.

Aliushika kwa koleo, akavuta. Ulikuwa umegandamana na sukari, ukatoka kwa kishindo, bia ikaruka ndani ya glasi. Ilikuwa nyeusi na safi, na harufu iliyopanda ilikuwa ya mbao na sukari iliyoungua, bila siki, bila chochote kibaya. Kwa miezi kumi na minne hapakuwa na mtu aliyeugusa msumari ule. Aliziba tundu, akateremsha glasi.

Bosi Godoro alionja. Akafumba macho, kwa kuwa alijua wajuzi hufumba macho.

"Roho ya mti," alisema. Kisha akafumbua, na kitu fulani kikamtembelea kichwani taratibu, kama mgeni asiyejua nyumba. "Ngoja. Mzee, wewe kule juu huonji?"

"Naonja," fundi alisema. "Kila mwisho wa mwezi naonja yote ishirini na manne. Naanzia juu, nashuka."

"Kwa mrija huohuo?"

"Ninao mmoja."

"Sasa mbona ya juu mazima?"

Mpimaji alikuwa juu ya ngazi na koleo mkononi, na jibu alikuwa nalo. Angeweza kusema mrija ulichafuka karibuni. Angeweza kusema joto la chini halifanani na la juu. Bosi Godoro angekubali. Angekubali hata kuambiwa ni mwezi mpevu. Na hilo ndilo lililomzuia. Ni Bosi Godoro tu duniani angeamini hoja ile, na yeye, aliyewacheka watu kwa hoja bora kuliko hizo, angelazimika kuisimamia maisha yake yote, akila meza moja na mtu anayejua. Alitazama chini. Mzee hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama koleo.

Akili yake, aliyoitegemea sana, ilikwisha kufanya hesabu kabla hajaituma. Pamba aliipitisha kwenye mrija uliotoka pipa la tatu dakika ileile; kisahani kingeota nini kama si vijidudu vya pipa la tatu? Mapipa yaliugua la tatu, la nne, la tano, la sita. Nani alitembea kwa mpangilio huo? Msumari wa nani ulitoka pipa moja ukaziba lililofuata, baada ya kuoga kwenye dawa ya nani, iliyochanganywa lini?

"Hii misumari sijawahi kuigusa," alisema.

"Ipi?" Bosi aliuliza.

"Ya huku juu. Tangu ipigwe. Naogopa ngazi." Sauti yake ilikuwa kavu kama alipokuwa anasoma ripoti, kwa sababu hakuwa na nyingine. "Ya chini naigusa kila Jumatatu, na dawa ya kuiogeshea naichanganya Ijumaa. Nautoa huu nauweka ule. Pipa la tatu liliponiugulia, nikabeba ugonjwa kwa msumari nikautia la nne, na wa la nne nikautia la tano. Nimeutembeza ugonjwa kwa mkono wangu wiki kwa wiki, huku nikiuandika."

Bosi Godoro alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Lakini jedwali lina namba za juu."

"Nilizitunga."

"Daktari—"

"Mimi si daktari."

Nyuma ya mlango mtu alikohoa, mwingine akamnyamazisha. Mpimaji alianza kushuka. Alishuka vibaya, kwa magoti na viwiko, koti jeupe likakwangua vumbi la miezi kumi na minne. Mzee alishikilia ngazi mpaka mguu wake wa mwisho ulipogusa sakafu. Hakumpa mkono.

"Baba, ulijua?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Naonja kila mwezi. Unadhani sioni buibui?"

"Ungesema."

"Ningemwambia nani? Mimi nanusa tu." Mzee alitoa mrija mfukoni, akaugeuza kwenye mwanga. "Na usijidanganye kwamba nilikusitiri wewe, mkwe. Nilimsitiri mwanangu, asijue ameoa nini."

Mpimaji alimeza hilo. Lilishuka polepole.

"Na lile birika," mzee aliendelea, sasa kwa sauti ya kumfikia na Bosi, "halijawahi kupika chai. Mimi sinywi chai, tumbo halitaki. Miaka mitano umekuwa ukinipakulia nyumbani kwako na hujawahi kuona nakunywa chai. Lile ni la kuchemshia huu mrija. Kila asubuhi, na kila nikitoka pipa moja kabla sijaingia jingine. Ndiyo maana siku nzima linatoa moshi."

Ilikuwa kweli. Mwanamke aliyepima asidi mpaka sehemu ya mia hakuwahi kutazama kikombe mbele ya baba mkwe wake.

Bosi Godoro alikuwa amekaa juu ya kreti. Alisema alichosema Jumatatu, kwamba aliyeleta uchafu ataondoka siku hiyohiyo, awe nani awe nani, ila safari hii alilisema akitazama viatu vyake, kwani kwenye lebo za chupa alikuwa ameshachapisha maneno kuhusu maabara. Mpimaji alianza kufungua vifungo vya koti.

"Subiri," fundi alisema. "Kabla hajaenda, kuna kitu nataka anisomee."

Aliwatangulia hadi kwenye sinki. Wasafishaji walitawanyika mlangoni, kisha wakasogea tena. Mzee alisimama chini ya bango lenye herufi nyekundu, miwani ikining'inia kifuani pake, hakuigusa.

"Macho yangu," alisema. "Hebu nisaidie wewe mwenye kusoma. Hapo pameandikwaje?"

Hapakuwa na mtu pale asiyejua pameandikwaje. Mpimaji alitazama ukuta.

"Dawa ya jana si dawa," alisoma.

"Eh-he."

"Changanya upya kila asubuhi. Asiyeweza kufuata sheria hii hafai kufanya kazi hapa."

"Naona na chini kuna maneno madogo."

Msafishaji mmoja, mama mtu mzima ambaye siku ile alihesabiwa kama mbuzi, alikuwa amesimama karibu naye na ufagio, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Kwa amri ya Mpimaji," alisoma.

"Ahsante, mkwe," mzee alisema. "Nilidhani sijui kusoma."

Akaenda kujaza birika.